Kaka na Kelly, dada na Andrew: namna ya kucheza gemu na mhusika wa jinsia nyingine

Mwongozo huu ni wa mtu yeyote anayeshika padi au simu hapa Mwanza, kuanzia vibanda vya Mabatini na Igoma mpaka hosteli za Malimbe, ambaye amemtamani mhusika fulani kisha akasita kwa sababu yeye ni mvulana na mhusika ni msichana, au kinyume chake. Wanaosita wanaogopa mambo mawili. La kwanza ni kejeli za benchi, wale wanaosubiri zamu yao nyuma yako. La pili ni watu wa mtandaoni, ambao hawakuoni na watakuchukulia kwa sura uliyoingia nayo. Kejeli dawa yake ni kushinda. Watu wa mtandaoni wanahitaji utaratibu, ndiyo maana jina, maiki na zawadi nimeviandikia sehemu zake.

Mifano nimeitoa kwenye gemu zinazochezwa huku kwetu kila siku: Free Fire, ile ya risasi ya kwenye simu yenye wahusika Kelly na Andrew, Tekken, ile ya ngumi na mateke, gemu za mpira, na zile za kukimbia ambazo hata simu ya bei ya chini inazibeba.

Hatua ya 1: Jua unamtakia nini

Majibu huwa matatu. Kuna anayemtaka mhusika kwa uwezo wake: anakimbia, anatibu wenzake, anajaza risasi haraka. Kuna aliyempenda tu, nguo zake, sauti yake, jinsi anavyosimama. Hilo nalo ni jibu kamili, wala halihitaji utetezi, maana ni wewe utakayeutazama mgongo wake saa nzima. Na kuna anayetaka watu wamdhanie kuwa ni mtu mwingine. Huyu wa tatu asome hatua ya 6 kabla ya kugusa kitu.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1986 Nintendo walitoa Metroid, na wachezaji wakapambana mwanzo hadi mwisho wakiamini aliye ndani ya lile vazi la chuma ni mwanaume. Ukiimaliza kwa muda mfupi wa kutosha, vazi linavuliwa, na Samus Aran ni mwanamke. Miaka 10 baadaye, 1996, ikaja Tomb Raider, na wavulana wa dunia nzima wakamwongoza Lara Croft kuruka mashimo na kupiga risasi mbwamwitu bila mtu kuwauliza lolote. Sababu ni kwamba Lara hukumchagua, ulipewa. Diski ukiiweka, yeye ndiye aliyekuja. Maneno huanza pale gemu inapokupa orodha, ukapita wanaume wote, ukabonyeza msichana. Hapo benchi linataka maelezo.

Kwa hiyo jibu lako liwe tayari, na liwe fupi. "Anakimbia" linatosha. Ukianza kujieleza kwa sentensi tano umeshapoteza.

Hatua ya 2: Anzia mahali pasipo na watu

Kama bado una aibu, usianzie kibandani wala kwenye skwodi, yaani timu ya watu wanne ya mtandaoni. Anza na gemu ya peke yako, ile unayocheza kwenye daladala ya Buhongwa bando likiwa limeisha. Temple Run, iliyotoka 2011, inafaa sana. Unaanza na Guy Dangerous, na ukikusanya sarafu 10,000 unamfungua Scarlett Fox. Wote wawili wanakimbia sawasawa na wanaruka sawasawa, hakuna aliyeongezewa kitu. Utakachojifunza hapo ni kimoja: baada ya raundi chache macho yanaacha kumwona Scarlett na yanaanza kuona njia, kona na mizizi ya kujikwaa. Subway Surfers nayo ni vilevile ukitoka kwa Jake kwenda kwa msichana Tricky.

Hii ni hatua ya siku moja. Usikae hapo.

Hatua ya 3: Kibandani, hama ukiwa na mikono yako

Kosa linaloonekana kila wiki kwenye vibanda ni hili: mtu anaamua leo anacheza na msichana, anachagua yule aliyemvutia kwenye orodha, hajui pigo lake hata moja, anapigwa raundi tatu mfululizo, benchi linaangua kicheko, naye anaapa hatarudia. Kilichompiga ni ugeni. Angechagua mwanaume asiyemjua angepigwa vilevile, ila hapo hakuna ambaye angecheka.

Dawa ni kuhamia kwa mhusika ambaye mikono yako tayari inamjua. Kwenye Tekken jambo hili ni rahisi kupita kiasi. Nani hapa hajui kucheza na Eddy Gordo? Aliingia kwenye Tekken 3, ile ya 1997 kwenye mashine za sarafu na 1998 kwenye PlayStation, na tangu hapo kila mtoto anayeshika padi kwa mara ya kwanza anaambiwa "bonyeza miguu tu", yaani X na duara, X na duara, Eddy anazunguka kama feni na mtu mzima anaanguka. Sasa chukua Tekken 4 au 5, mchague Christie Monteiro. Kwenye hadithi ya gemu, babu yake Christie ndiye aliyemfundisha Eddy kapoera, mapigano ya Kibrazili, gerezani, naye Eddy akamfundisha mjukuu. Kwa hiyo mapigo yake karibu yote ni yaleyale. X na duara zako zinafanya kazi, mzunguko ni uleule, kusimama kwa mikono ni kulekule. Kilichobadilika ni mwili tu.

Fanya hivi. Cheza raundi mbili na Eddy ili vidole vipate moto. Bila kusema kitu, rudi kwenye orodha, mchukue Christie, cheza na mpinzani yuleyule. Mtu akiuliza "Oya, leo umekuwa demu?", mjibu baada ya mechi, siyo kabla. Jibu lililowahi kufanya kazi vizuri hapa mtaani ni la kijana mmoja aliyesema, bila kugeuza shingo, "Mimi ni mimi. Wewe ndiye umelala chini."

Ukishazoea, ndipo uende kwa mwenye mikono tofauti kabisa. Ling Xiaoyu anafaa, na faida yake ni ya kimwili: ni mfupi na anajua kuinama. Bonyeza chini pamoja na mraba na pembetatu kwa mpigo mmoja, ataketi chini kabisa, na ngumi nyingi za juu zitampita kichwani. Jaribu mbele ya mpinzani anayependa kufungua kwa ngumi za haraka. Ngumi inapita hewani, wewe unapanda kutoka chini. Anasumbua sana pia kwa tabia yake ya kumgeuzia mpinzani mgongo, mtu akidhani umekosea kumbe ndiyo mtego.

Dada aliyezoea Xiaoyu na anataka mwanaume mzito, aende kwa King, mwanamieleka mwenye kinyago cha jagwa, mnyama anayefanana na chui. Huyu ni mzito wa kugeuka lakini mikono yake ni mirefu na kazi yake ni kukamata. Mraba na X kwa pamoja ni kukamata kwa kwanza, pembetatu na duara ni kwa pili. Jifunze hizo mbili tu kwanza. Mtu aliyezoea kukwepa kama Xiaoyu atasumbuka na King kwa sababu King hakwepi, anaingia. Vumilia, uzito wake utauzoea.

Jambo dogo la kibandani: kama mnatumia PS4 ya watu wote na unacheza gemu ya hadithi ambayo mhusika wako unamtengeneza mwenyewe, mwombe mwenye kibanda akufungulie jina lako na uweke namba ya siri. Vinginevyo utamkuta msichana wako uliyemjenga kwa wiki nzima ameandikwa juu na sevu ya mtu mwingine, au amenyolewa nywele na watoto wa shule.

Mpira, kwa ufupi

Wa mpira mna kazi ndogo, kwa kuwa unacheza na timu nzima. FIFA 16, iliyotoka 2015, ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo kuweka timu za taifa za wanawake, zikiwa 12, na zilikutana zenyewe kwa zenyewe tu. Usiitafute Twiga Stars humo, haimo. Mabadiliko makubwa yalikuja na FC 24, jina jipya la mfululizo huohuo, mwaka 2023: kwenye Ultimate Team, sehemu ya kujijengea kikosi chako, wanawake na wanaume wanacheza kikosi kimoja, kwa hiyo Sam Kerr anaweza kusimama mbele na nyuma yake akawepo kiungo mwanaume. Ukitaka kuwazoea, usijaze kikosi kizima. Weka mmoja tu, winga au mshambuliaji, umjue kasi yake na mguu wake, kisha uongeze. Na kama mpinzani wako anacheka kuona jina la mwanamke kwenye kikosi, mwache acheke, atakuwa hamkabi.

Hatua ya 4: Kwenye simu, uwezo kwanza, sura baadaye

Free Fire ina utaratibu wake, na asiyeujua anapoteza almasi, ile pesa ya ndani ya gemu inayonunuliwa kwa hela. Karibu kila mhusika ana uwezo wake. Kelly anaongeza mbio. Moco akimpiga adui, adui anawekewa alama na wenzako wanamwona. Andrew anafanya fulana ya kinga idumu. Olivia anainua mwenzake aliyeangushwa akiwa na afya zaidi. Alok, aliyetengenezwa kwa mfano wa DJ Alok wa Brazili, anawatibu na kuwaongezea mwendo walio karibu naye. Wale wawili wa kuanzia hawana uwezo wowote.

Hapa ndipo wengi wanajichanganya. Wanadhani ukitaka mbio lazima uwe na mwili wa Kelly. Hapana. Ukishamfungua mhusika, uwezo wake unaweza kumwekea mwingine kwenye nafasi za nyongeza. Kijana anayetaka mbio za Kelly lakini hataki kuonekana kama Kelly anaweza kubaki na Andrew, akampa Andrew mbio hizo. Na dada anayependa sura ya Kelly lakini anataka kinga ya Andrew, anafanya kinyume. Kwa hiyo panga uwezo kwanza, kwa ajili ya kazi yako kwenye skwodi: wewe ni wa kuingia mbele, wa kutibu, au wa kukaa mbali na bunduki ndefu? Ukimaliza hapo, mwili unabaki kuwa suala la kupenda tu, chagua unayemtaka.

Kabla ya kununua nguo, simama kidogo. Seti nyingi za mavazi kwenye Free Fire ni za jinsia moja. Ukinunua seti ya kiume kwa almasi zako, kisha ukahamia kwa Kelly, seti inabaki kabatini. Ukiangalia duka, tazama alama ya jinsia pembeni ya vazi na ulijaribishe kwa mhusika unayemtumia kabla hujalipa. Watoto wanaotumiwa hela ya almasi na kaka yao aliye kazini wanaumia sana hapa, na kaka hatumi mara ya pili.

Halafu kuna imani ya mtaani kwamba wasichana ni wembamba kwa hiyo ni wagumu kupigwa. Usiibebe wala usiikatae, ipime. Mchukue rafiki, ingieni uwanja wa mazoezi mkiwa na simu mbili. Weka ukuta wa barafu, simama nyuma yake na mhusika wa kiume, naye asimame hatua kadhaa mbele na akuambie anaona nini: bega, kiwiko, kisigino? Kisha badilisha mhusika, simama palepale, umuulize tena. Fanya na ya kuchuchumaa. Mkimaliza hapo mtakuwa mmejua kwa gemu hiyo, kwa toleo hilo mlilonalo, bila kumsikiliza mtu wa benchi. Pima pia jambo ambalo watu hawalitaji: je, mhusika anakuziba wewe mwenyewe? Kwenye simu yenye kioo kidogo, mwili mpana wenye begi kubwa na mabawa ya mapambo unafunika kipande cha kioo. Mara nyingi hiyo ndiyo faida ya kweli ya mwembamba, wewe unaona zaidi.

Hatua ya 5: Jina na maiki

Jina lichague lisiloeleza jinsia ya mtu. Ukimchukua Kelly kisha ukajiita jina la kike na ua la waridi pembeni, umeacha kucheza na mhusika wa kike, umeanza kutangaza kwamba wewe ni msichana. Ni mambo mawili tofauti. Ziwa letu limejaa majina ya kutosha: Sato wa Kirumba, Furu Mkavu, Jiwe la Bismarck, Dagaa Moto. Hakuna atakayejua wewe ni nani zaidi ya kwamba unatoka Mwanza na una njaa. Na ufikirie vizuri mwanzoni, kwa sababu kubadilisha jina kwenye Free Fire ni almasi 390.

Maiki ina kanuni moja: ukiifungua, ongea kwa sauti yako. Programu za kubadilisha sauti achana nazo. Zinachelewesha maneno, zinakula chaji, na skwodi inayosubiri uiambie adui yuko dirisha la juu inasikia mlio kama redio ya ndani ya pipa. Kama uko na watu usiowajua, sentensi moja kwenye lobi, pale mnaposubiri mechi ianze, inamaliza kila kitu: "Oya wanangu, mimi ni dume, nacheza na Kelly kwa sababu ya mbio, mimi naingia mbele." Utasikia kicheko cha sekunde mbili, kisha mtu atauliza mnashukia wapi. Ukikaa kimya hadi katikati ya mechi ndipo sauti nzito itoke, mtu aliyekuwa ameshaanza kukuita "mrembo" atajiona amechezewa, na skwodi nzima itageuka kumcheka yeye badala ya kutazama ramani. Mmekufa.

Wengine wanauliza wafanyeje ili mwendo wao ufanane na wa msichana. Msihangaike. Utafiti mmoja uliochapishwa 2014 ulifuatilia wachezaji 375 wa World of Warcraft, gemu ya kompyuta ya mtandaoni, waliopewa kazi maalumu ya kufanya ndani ya gemu. Wanaume waliochagua wahusika wa kike walibadilisha maneno yao, wakaweka alama nyingi za mshangao na maneno ya hisia, lakini miili yao ya kwenye gemu iliwasaliti: waliruka ruka bila sababu na kukaa mbali na kundi, kama wanaume wengine. Nenda kibanda chochote uone. Kijana aliyezoea kurukaruka akiwa anasubiri wenzake ataruka na Kelly, ataruka na Andrew, ataruka na yeyote. Ndugu zake wanamtambua akiwa bado hajasema neno.

Cheza unavyocheza.

Hatua ya 6: Zawadi, namba na picha

Ukiwa na mhusika wa kike, hasa ukiwa umejaza mavazi mazuri, zitaanza kuja. Ombi la urafiki. "Mambo mrembo." "Uko Mwanza ipi?" Kisha: "Nikutumie almasi?" Hapa ndipo wale wa jibu la tatu wananoga, na hapa ndipo mimi sina mzaha.

Zawadi inayotolewa kwa sababu mtu anaamini wewe ni msichana, irudishe kabla haijafika. Andika hivi, au kwa maneno yako: "Kaka, mimi mwanaume mwenzako, mhusika tu ndiye wa kike. Almasi zako tumia mwenyewe, karibu tucheze." Nusu yao watapotea. Waliobaki ni wachezaji, na hao ndio unaowahitaji. Ukishapokea, hata mara moja, yule mtu ana haki ya kukuuliza, na maswali yataendelea: namba, picha, sauti. Hapo ndipo mtu anachukua picha ya binti wa watu kutoka mtandaoni na kuituma kama yake. Huko si kucheza gemu tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, na kwenye sheria hiyo simu yako nayo ni kompyuta. Kelly hana wa kumlalamikia, binti mwenye picha anaye.

Na ukiwa upande wa pili, wewe unayetaka kutuma almasi, jua kwamba mavazi ya mhusika hayakuambii chochote kuhusu mwenye simu. Tuma kwa unayemjua kwa sura, au usitume.

Kwa dada zetu

Wavulana wanaochukua wasichana wanaogopa kuchekwa. Wasichana wanaochukua wanaume mara nyingi wana sababu nyingine kabisa: wanataka kucheza kwa amani. Muulize yeyote anayecheza usiku hosteli. Anaingia lobi na mhusika wa kike, anafungua maiki kusema "adui kaskazini", na anachojibiwa ni "sauti yako tamu, uko chuo gani?" Mechi tatu za namna hiyo na mtu anaiondoa gemu kwenye simu.

Ukitaka kwenda na Andrew kwa ajili hiyo, fanya ukamilifu. Mhusika wa kiume peke yake hatoshi kama jina la akaunti ni lako la darasani. Badilisha vyote kwa pamoja: mhusika, jina, na ile picha ndogo ya wasifu, hasa kama akaunti umeiunganisha na mtandao wa kijamii wenye sura yako. Ondoa mji na chuo kwenye maelezo. Maiki ifunge kwa watu usiowajua, tumia ujumbe wa haraka uliomo kwenye gemu: "Nahitaji msaada", "Adui mbele", "Nifuateni". Mtu hodari anaweza kuongoza skwodi nzima kwa hizo peke yake na alama za kwenye ramani. Hulazimiki kumwambia mtu yeyote kwamba wewe ni mwanamke, na hapa hakuna udanganyifu wowote, kwa sababu hakuna unachochukua kwake. Umeficha kilicho chako.

Lakini usikae peke yako muda wote. Tafuta wasichana wengine watatu, wa darasani au wa mtaani, mjaze skwodi yenu, mfungue maiki mkiwa ninyi kwa ninyi na mcheze na mhusika mnayemtaka. Mkiwa wanne mmejaa, hakuna mgeni wa kuingizwa kwenye timu. Anayewasumbua kwenye maombi ya urafiki mzuie, na aliyetukana mripoti kwa kitufe kilichopo baada ya mechi, majina ya mliocheza nao yanakuwa bado kwenye orodha. Fanya palepale, kesho utakuwa umesahau ni nani.

Nanyi kaka: dada akiingia kibandani na kuchagua King, mpe padi na umpigie kelele kama unavyompigia kila mtu. Usimfundishe vitufe bila kuombwa. Usimwachie ashinde. Anajua.

Hatua ya 7: Mzazi akiona

Mama anapita, anaona kwenye simu ya mwanawe wa kiume msichana mwenye suruali ya kubana akikimbia na bunduki. Ataanza na bunduki, kisha atauliza kuhusu msichana. Usifiche simu chini ya mto, hapo ndipo shaka inapozaliwa. Mwonyeshe: "Mama, shikamoo, huyu ni kikaragosi tu, mimi namwongoza akimbie." Mpe simu amwendeshe hatua mbili, atagonga ukuta na kucheka. Kama bado ana wasiwasi, mkumbushe mchekeshaji Joti wa Orijino Komedi. Amevaa magauni na vilemba kwenye runinga miaka mingi, amekuwa bibi, amekuwa binti, na sebuleni kwetu wote tulicheka pamoja na baba. Hakuna aliyemuuliza Joti kama ameacha kuwa mwanaume.

Wasiwasi wa mzazi ambao una haki ya kusikilizwa ni ule wa saa za kucheza na wa nani unaongea naye. Kwa hilo mwonyeshe orodha yako ya marafiki na maiki iliyofungwa.

Hatua ya 8: Bonanza

Ukishafika mahali unajiandikisha kwenye mashindano ya kibanda au ya chuo, kuna karatasi ya kujaza kabla ya kucheza. Andika jina lako halisi, jina la kwenye gemu herufi kwa herufi, namba ya akaunti, na mhusika unayeanza naye. Hilo la mwisho wengi wanaliruka. Mara nyingi ugomvi hutokea pale mshindi anapoitwa, kwenye kioo kuna Kelly, na anayesimama ni jamaa mwenye ndevu. Watu wa upande uliofungwa wanadai akaunti ni ya dada yake, aliyecheza siyo yeye. Mwamuzi akiwa na karatasi yenye namba ya akaunti, anakuomba uifungue simu yako mbele yake, analinganisha, na mechi inayofuata inaanza. Piga picha karatasi hiyo ukishaijaza, na chaji simu yako kabla hujatoka nyumbani, maana pale ukumbini soketi huwa moja na umeme nao una mambo yake.